Mechi Saba Ambazo Marehemu Hakuzichezesha

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi watu wa mpira mliokaa viti vya mbele: wasifu huu nimeuandika mimi, mdogo wake marehemu. Tumefuatana kuzaliwa. Kazi yangu ni ukarani wa masjala katika hospitali, kwa hiyo tarehe mtakazozisikia nimezihakiki moja moja. Wazee wa familia waliniomba niandike kwa upole, nami nimejitahidi. Pale upole uliponishinda mtapaona wenyewe, na nawaomba radhi wazee peke yao.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1977, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya tatu, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu, aliyetangulia mwaka 2006, alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Mama yetu, ambaye tunaye hapa leo, alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Watoto tulilala kitanda kimoja na kila siku tulianza ugomvi wa nafasi kabla hata ya kunawa miguu. Kaka alipokuwa na miaka minane alichoka na kelele. Alichukua uzi wa mama wa kushonea, akapima upana wa kitanda, akaugawa mara tano, akachora mistari ya chaki kwenye ubao wa kichwani. Mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa mwaka mmoja, alipewa kipimo sawasawa na chetu. Tulipolalamika kwamba kichanga hana haja ya nafasi yote ile, kaka alijibu kwamba atakua. Baba alicheka mpaka akatoka nje, na ndiye aliyempa jina la Sentimita ambalo nyote mnamjua nalo.

Mwaka 1984 marehemu alianza shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akahitimu mwaka 1990. Elimu ya sekondari aliipata katika shule ya kutwa kuanzia 1991 hadi 1994. Mpira aliupenda, lakini miguu yake haikuwa na habari hiyo. Mwalimu wa michezo alimkabidhi filimbi ili timu ya darasa ipate kupumua. Kwenye fainali ya madarasa ya mwaka 1989 alitoa penalti dhidi ya darasa lake mwenyewe, wakafungwa, na kwa wiki nzima alitembea na madaftari mkononi kwa sababu wenzake walikuwa wamemfichia mkoba. Nyumbani alipoulizwa mkoba uko wapi, alisema ameuazima mtu. Huo ndio uongo pekee wa kaka yangu ninaoufahamu, na alidanganya ili wenzake wasichapwe.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa kuwa mkaguzi msaidizi wa mizani na vipimo, kazi aliyoifanya hadi mauti yalipomkuta. Wenye maduka na mabucha mlimzoea na lile sanduku lake la mbao lenye mawe ya kupimia, kila jiwe limefungwa kitambaa chake, kila kitambaa kimefuliwa. Hakupokea hata kipande cha sabuni kutoka kwa mtu aliyemkagua. Wifi yangu aliwahi kutania kwamba ameolewa na mtu anayeingia sokoni kila siku na kurudi mikono mitupu.

Mafunzo ya uamuzi wa soka aliyapata mwaka 2000, na mwaka 2009 akapandishwa daraja la kwanza. Kila mechi aliyopangiwa aliiandika katika daftari la shule siku hiyo hiyo: uwanja, saa, hali ya hewa, kadi, na nafasi aliyokuwa nayo. Madaftari hayo yako kumi na moja. Mechi alizochezesha akiwa mwamuzi wa kati, mwenye filimbi, ni 286. Mechi alizokuwa mwamuzi wa akiba ni 131. Kwa mama zangu wasiofuata mpira: mwamuzi wa akiba hukaa mezani kando ya uwanja. Huinua ubao wa kubadilisha wachezaji na kuwatuliza makocha wanaorukaruka. Filimbi hapulizi, penalti hatoi, bao hakatai. Naomba mlishike jambo hili, maana watu wazima wenye ofisi na mihuri walishindwa kulishika.

Sitasema kaka hakukosea. Tarehe 17 Mei 2014 alikubali bao ambalo mpira haukuwa umevuka mstari. Usiku ule aliandika daftarini neno moja, "Nimekosea," na Jumatatu akaenda kwenye mazoezi ya timu iliyofungwa akawaambia hivyo hivyo, mbele ya kocha wao. Chama cha soka kilimwandikia onyo. Onyo lenyewe halikuhusu bao. Lilihusu kukiri, kwa sababu eti mwamuzi akikiri kosa analishushia hadhi jopo zima. Barua hiyo ninayo. Nimeisoma mara nyingi wiki hii, nikawa nashangaa jinsi watu hawa walivyo wepesi wa kuandika barua wakitaka.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Juni 2003, na mshonaji wa sare za shule ambaye alimfahamu siku alipopeleka kaptula nyeusi ikafupishwe na kumsumbua mara tatu juu ya urefu wake. Siku ya harusi msimamizi wa bwana harusi alipewa dakika tano za kuzungumza. Ilipofika ya sita, bwana harusi alitazama saa yake ya mkononi, tena bila kuificha, na msimamizi akakaa chini ukumbi mzima ukicheka. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wifi yangu aliniambia juzi kwamba kwa miaka ishirini hakuwahi kumsikia akiinua sauti ndani ya nyumba. Alikuwa akiimaliza yote uwanjani, akasema.

Tangu mwaka 2018 marehemu alikuwa na shinikizo la damu. Alimeza vidonge kila asubuhi na kuandika vipimo vyake kwenye jalada la daftari la tisa. Vilikuwa vizuri. Nimeviona.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa watu wengi husema "baada ya kuugua kwa muda mfupi," kisha watu huenda kula. Mimi sitapita haraka.

Jumatatu, tarehe 30 Oktoba mwaka huu, chama kilitangaza kwamba marehemu ndiye atakayechezesha mechi ya ligi ya Jumamosi hii, tarehe 18 Novemba, ile kubwa, kati ya timu ya zambarau na timu ya kiwanda. Alifurahi kwa namna yake, yaani alipiga viatu rangi. Jumatano, tarehe 1 Novemba, kipindi cha michezo cha redio kilisoma kitu walichokiita rekodi ya mwamuzi. Mtangazaji alisema kwamba katika mechi tisa ambazo Sentimita amekuwa mwamuzi, zambarau hawajashinda hata moja. Wamefungwa saba, wametoka sare mbili, na wamepigiwa penalti nne. Akamalizia kwa kuuliza kama hii ni bahati mbaya au kuna mtu ana jambo lake. Kufika saa sita mchana kila mwenye simu alikuwa nayo.

Rekodi hiyo mtangazaji hakuibuni. Alipewa na ofisi ya habari ya chama, kwenye karatasi yenye nembo. Na ofisi ya habari iliipata hivi. Fomu ya ripoti ya mechi ina kisanduku kimoja kimeandikwa "Waamuzi", na ndani yake kuna majina manne, moja chini ya jingine: mwenye filimbi, washika vibendera wawili, na wa mwisho kabisa mwamuzi wa akiba. Aliyeingiza fomu hizo kwenye kompyuta hakutenganisha mistari. Alimwaga majina yote mahali pamoja. Walipotafuta jina la kaka, kompyuta iliwaletea kila mechi ambayo jina lake limeandikwa popote, nao wakahesabu.

Kati ya mechi hizo tisa, marehemu alichezesha mbili. Moja zambarau walifungwa bao moja kwa bila, bao la kona. Moja walitoka sare. Hakuna penalti. Mechi saba zilizobaki alikuwa mezani na ubao wake, na penalti zote nne zilitolewa na waamuzi wengine. Mimi ni karani. Msichana anayeanza kazi masjala kwangu, akichanganya jina la mgonjwa na jina la aliyemsindikiza, namsimamisha siku hiyo hiyo. Hawa walichanganya mtu aliyekaa na mtu aliyepuliza, wakatia nembo, wakapeleka redioni.

Yaliyofuata mnayajua, na baadhi yenu mlishiriki. Ukuta wa nyumba yake uliandikwa maneno ambayo wifi aliyafuta kwa mafuta ya taa. Muuza unga aliyefahamiana naye kwa miaka kumi na mitano alifunika mizani yake kwa gunia akamwambia akaipime kwanza rekodi yake. Binti yake mkubwa alikaa bwenini siku tatu bila kwenda darasani. Hayo yote kaka aliyabeba. Lililomwangusha moyo lilikuwa la mama. Mama yetu alisikia redio ya jirani, na kaka alipokuja kumjulia hali jioni alimkalisha akamuuliza, "Mwanangu, umewafanya nini hao watu?" Kaka alirudi kwake, akaja na madaftari mawili, akamsomea mama mechi zote tisa, polepole, tarehe na nafasi aliyokuwa nayo. Mtu wa miaka arobaini na sita anamsomea mama yake ushahidi. Mama, siyasomi haya hapa kukuumiza. Uliuliza kwa sababu waliosema walikuwa na redio, na mwanao alikuwa na daftari tu.

Ijumaa, tarehe 3 Novemba, chama kilimwondoa kwenye mechi kwa barua ya mistari miwili, "kwa maslahi ya mchezo." Kila aliyeisikia aliichukua kuwa hukumu. Marehemu hakuomba arudishiwe mechi. Naomba hilo lieleweke. Aliandika barua moja akiomba chama kisome sentensi moja kwenye kipindi kile kile: kwamba katika mechi tisa zilizotajwa, alichezesha mbili. Basi. Aliipeleka mwenyewe Jumatatu tarehe 6, akaambiwa katibu ana kikao. Alirudi Jumatano tarehe 8 na madaftari, akaonana na katibu akiwa amesimama mlangoni, naye akamwambia, "Acha yapite, Sentimita, mpira una mambo yake." Ijumaa tarehe 10 alirudi tena. Alikaa kwenye benchi la koridoni, mkabala na mlango wa katibu, tangu saa mbili na nusu. Saa nne na dakika arobaini asubuhi mhudumu wa ofisi alimkuta ameinama upande, daftari limeanguka. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani kulikuwa na watu.

Alifikishwa hospitali ninakofanya kazi. Faili lake nililifungua mimi kwa mkono wangu. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Marehemu hakuzungumza tena, na alifariki Jumapili, tarehe 12 Novemba, saa nane na robo mchana, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Wapo wanaotaka niseme rekodi ile ndiyo iliyomuua. Sitasema. Mimi si daktari, na kaka alikuwa akiwafundisha waamuzi wachanga wasipulize wasichokiona. Nilichokiona ni mtu aliyekuja mara tatu kuomba sentensi moja, akaondolewa mara ya tatu kwa machela. Nilichokiona ni waamuzi watatu waliozitoa zile penalti nne. Wanazijua, wamezitoa wao kwa vidole vyao, na kwa siku kumi na tano hakuna aliyefungua kinywa kusema "hiyo ni yangu." Wapo hapa leo na makoti meusi. Mmoja alinishika mkono pale langoni akaniambia pole. Pole nimeipokea. Nilisimama nikingoja neno la pili, akapita.

Juzi Jumanne katibu alikuja nyumbani kwa wifi. Alikuwa amesikia kwamba wasifu huu una mambo, akaomba aya hizi zitolewe. Alizungumza kwa adabu, sitamsingizia. Alisema, "Dada yangu, msiba si mahali pa hesabu." Nikamuuliza, "Mahali pa hesabu ni wapi, maana ofisini kwako amekaa siku tatu?" Akaniambia ukweli, na kwa huo namshukuru. Alisema wakisahihisha kabla ya mechi, watu watauliza kwa nini basi marehemu aliondolewa, na mwamuzi mpya ataingia uwanjani vurugu zikiwa zimeshaanza. Wangesahihisha baadaye, mambo yakitulia. Nilimwelewa vizuri. Alikuwa ananiomba jina la kaka yangu libaki chafu kwa siku nne zaidi ili jioni yao moja iwe safi. Nilimfungulia mlango akatoka.

Kwa hiyo mgeuze programu mliyonayo mkononi. Nyuma, mahali ambapo tungeweka picha nyingine, zimechapishwa mechi tisa: tarehe, matokeo, aliyekuwa na filimbi, na nafasi ya marehemu. Nimezilinganisha daftari na ripoti za chama chenyewe, na hakuna hata moja iliyopishana. Aliyenifungulia kabati la ripoti simtaji, ana watoto wa kulisha. Tumechapisha nakala mia sita. Chukueni zaidi ya moja, mkampe muuza unga.

Marehemu ameacha mama mzazi, mke mmoja, mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, ndugu wanne, mimi nikiwa mmoja wao, wajomba, mashangazi, binamu, mashemeji, na wakaguzi wenzake wa mizani, ambao walifunga ofisi ili waje na wamefika wote.

Bado jambo moja. Asubuhi hii chama kimeleta salamu za rambirambi, na ndani yake kuna taarifa kwamba keshokutwa, kabla ya mpira kuanza, uwanja mzima utasimama dakika moja ya ukimya kwa heshima ya marehemu. Familia imekaa, mama amesema, na nimetumwa kujibu hapa hapa mbele ya kaburi. Ukimya mmeshatupa wa kutosha. Dakika hiyo chukueni kipaza sauti cha uwanja, msome mechi tisa kama zilivyochapishwa nyuma ya karatasi hiyo. Nimezisoma kwa saa ya kaka, bila haraka, mara tatu. Zinachukua sekunde hamsini na mbili.

Sekunde nane zinazobaki, nyamazeni. Kaka, sisi tupo, wewe pumzika.